Tulivyopunguza Vitu Nyumbani Ili Mwaitu Apate Chumba

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alipangiwa upasuaji wa goti hapa Nairobi, na daktari akatuambia wazi kwamba akitoka wodini asirudi kwao Mwingi mara moja. Angehitaji kukaa karibu na hospitali, alale kwenye kitanda kisicho cha chini sana, atembee na mikongojo mahali pasipo na kitu cha kujikwaa, na usiku afike chooni bila kuruka chochote. Nyumba tunayokodi iko Donholm, ghorofa ya chini, vyumba vitatu vya kulala. Kwa hesabu ya vyumba, nafasi ilikuwepo. Lakini chumba cha tatu tulikuwa tumekigeuza stoo, na mlango wake ulikuwa umefikia kufunguka nusu tu.

Naandika haya kwa sababu kazi ya kutoa vitu kwenye kile chumba ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na kuna mambo ambayo mtu angenieleza mapema ningeokoa pesa na maneno makali ndani ya nyumba. Tena mengi ninayosoma kuhusu kuishi na vitu vichache yameandikwa na watu ambao kwao maji hayakatiki na mgeni hafiki bila kualikwa. Sisi tunaishi vingine.

Stoo haikujaa kwa uvivu. Wengi wetu tunaokodi Nairobi hatutupi katoni. Ya televisheni, ya jiko la gesi, ya blenda, zote hupangwa juu ya kabati kwa sababu siku ya kuhama zitahitajika. Sisi hatujahama tangu 2014. Halafu kulikuwa na vitu vya tukijenga. Mume wangu, Baba Mwende, alinunua sinki mbili na maboksi ya vigae kwenye mnada, vya nyumba ya Mwingi ambayo hata msingi haujachimbwa. Mimi nilikuwa na mapazia mazito ya madirisha ambayo bado hayapo. Kisha vitu vya watu: shemeji yangu alipopata kazi Doha, alituachia friji, baiskeli na masanduku ya bati ya Kamukunji yaliyofungwa kwa kufuli, na funguo akaondoka nazo. Na katikati ya vyote hivyo, pasi, feni na redio zilizokuwa zikimsubiri fundi.

Nilipovitazama vizuri niliona kwamba hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya leo. Kimoja kilingoja siku ya kuhama, kingine siku ya kujenga, kingine siku ya mwenyewe kurudi. Na chumba chao tulikilipia kodi kila mwezi. Katika jengo letu, nyumba ya vyumba vitatu inapita ya vyumba viwili kwa shilingi 9,000 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo nyumbani kwako kabla ya kuanza. Kwangu ndiyo iliyomaliza mjadala wa kama kazi ifanywe au isifanywe.

Wazo la kwanza la Baba Mwende lilikuwa lile la familia nyingi za Nairobi: tukodi lori dogo, tupakie kila kitu, tupeleke nyumbani. Aliulizia akaambiwa shilingi 18,000 mpaka Mwingi. Nilimpigia Mwaitu kumpa habari nikijua atafurahi.

"Mama Mwende," akasema, "hivyo vitu mnavyoleta, mnafikiri naviweka wapi?"

Akaanza kunihesabia. Godoro tulilopeleka tuliponunua jipya, panya wamezalia ndani. Televisheni ile nzito ya mgongo haionyeshi kitu, na hakuna aliyemweleza kwamba tangu matangazo yahamie dijitali mwaka 2015 inahitaji king'amuzi. Makochi yetu ya kwanza yanakaliwa na kuku. Chumba alichokuwa akiwekea mahindi na ndengu kimejaa mali yetu, na magunia yake ya ndengu analala nayo.

"Nilinyamaza kwa sababu mtoto akikuletea kitu humrudishii," akasema. "Lakini safari hii msilete."

Simu ile ilibadilisha kazi nzima. Miaka yote tulikuwa tukiamini kwamba tunapunguza vitu, kumbe tulikuwa tukimpelekea mama mzee mzigo asioweza kuukataa. Tulikubaliana jioni ileile kwamba kitu hakitahesabiwa kuwa kimetoka mpaka apatikane mtu aliyesema kwa mdomo wake kwamba anakitaka na atakitumia. Asipopatikana, basi hicho ni taka, na ni jukumu letu kukitupa panapofaa. Kuanzia hapo kila swali lilikuwa la kupata mtu. Sufuria hii, nani? Kiti hiki, nani? Ni swali linalochosha, lakini linakata ubishi wa "hiki bado kizuri". Kinaweza kuwa kizuri mno na bado kisiwe na mtu.

Tulianzia mlangoni kuelekea dirishani, na katoni ndizo zilizotangulia. Anza na vitu visivyomuumiza mtu yeyote moyoni. Vijana wanaokusanya karatasi walizibeba alasiri moja, na mara ya kwanza baada ya muda mrefu tukaona sakafu. Nguvu ya kuendelea ilitoka hapo. Pia tulikatazana kugusa vya mwenzako. Mimi nachambua vyangu, Baba Mwende vyake, watoto vyao. Siku nilipovunja sharti hilo na kuweka mashati yake kwenye gunia, tulilala bila kusemezana.

Nguo zilijaza magunia. Nilikuwa nimepanga ziende kwenye makao ya watoto, lakini kwanza nilimwita mama mmoja ninayenunua mitumba kwake soko la Mutindwa, aone kama kuna za kuuza. Alimwaga gunia sakafuni, akachuchumaa, mikono ikaanza kazi. Kola kwanza, anaipindua aone weusi wa shingo. Kisha kwapani. Zipu anaipandisha na kuishusha. Lastiki ya kiuno anaivuta na kuiachilia, isiporudi vizuri nguo inaenda kushoto. Suruali anaiinua ielekee dirishani aone kama mwangaza unapenya kwenye mapaja. Hakuzungumza wala hakusita. Alipomaliza, fungu la kulia lilikuwa dogo. Hizo ndizo kamera, zile ambazo mteja wa kwanza asubuhi angezichagua. La kushoto lilinifika magotini.

"Hii ni fagia, Mama Mwende," akasema. "Hata Gikomba jioni hakuna atakayeinama kuichukua."

Na fungu hilo la fagia ndilo kwa sehemu kubwa lililokuwa liende kwa watoto. Nguo ambayo muuza mitumba hawezi kumpa mteja wake wa shilingi hamsini, sisi tulikuwa tumeiandalia kuitwa sadaka. Tangu siku hiyo ninachambua nguo kama alivyochambua yeye: kola, kwapa, zipu, lastiki, mwangaza. Ikishindwa, simpi mtu.

Kamera alinilipa shilingi 1,400. Katika fagia nilitenga za pamba tupu, fulana na mashuka yaliyochakaa, nikazipeleka kwa mafundi wa magari walio nyuma ya mtaa wetu. Wao hutafuta matambara ya kufutia mikono na vipuri, na walinieleza kwamba pamba hunywa oili, ila nailoni na poliesta husambaza uchafu tu. Kwa hiyo usiwapelekee kila kitu. Zilizobaki ziliingia kwenye taka.

Wapo pia watu wa mali mali, wanaopita mitaani na mabeseni wakibadilishana vyombo vya plastiki na nguo kuukuu. Nguo zako hufika sokoni kweli, na ni riziki yao. Tatizo ni kwamba utatoa gunia, urudi ndani na mabeseni mawili na ndoo. Ukiwa kwenye kazi hii, mwombe pesa kidogo, au mpe tu mwende zenu kwa amani.

Nilipopigia makao ya watoto, mama aliyepokea alikuwa mkweli. Nguo walikuwa nazo za kutosha, na kila Desemba huletewa nyingine. Walichopungukiwa ni unga, sabuni ya kufulia na sodo za wasichana wakubwa. Basi pesa za zile kamera zilinunua sodo na sabuni. Ningekuwa na neno moja tu la kumwambia anayeanza kazi hii, lingekuwa hilo: piga simu uulize kwanza. Simu ya dakika tano inamwondolea mtu gunia asilolihitaji na inamletea anachokihitaji.

Vitabu vina kalenda yao, na hapa nawasihi mliokuwa na watoto kwenye mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, mfanye haraka. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, kwa hiyo vitabu vya shule ya msingi vya mtaala ule havina mwanafunzi tena. Nilivibeba mpaka mjini kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, wakachagua kamusi, atlasi na vitabu vya hadithi, wakanirudishia vingine vyote. Vya sekondari bado vina soko, kwa kuwa KCSE ya mwisho ya mfumo huo ni ya mwaka 2027. Baada ya hapo navyo vitakuwa karatasi ya kuuza kwa kilo. Kama unavyo na mwanao amemaliza, mtafute mwanafunzi wa kidato mtaani umpe sasa.

Na kila kitabu kikung'ute kabla hakijatoka. Ndani ya kitabu cha Sayansi tulikuta kadi ya kliniki ya Mwende ya chanjo, tuliyokuwa tumeitafuta mpaka tukakata tamaa. Ndani ya Biblia kuukuu kulikuwa na risiti ya depositi ya nyumba. Mpangaji yeyote anajua thamani ya karatasi ile siku ya kuondoka. Tulinunua faili moja ngumu, tukaweka humo vyeti vya kuzaliwa, vya shule, mkataba wa nyumba, risiti ya depositi na kadi za hospitali. Faili hiyo ni miongoni mwa vitu vichache tulivyoviingiza ndani wakati wa kazi hii.

Vya umeme vilinipa wasiwasi kuliko vyote. Tulikuwa na televisheni nyingine ya mgongo, simu zilizokufa, chaja zisizojulikana ni za nini, kompyuta ya zamani na betri. Mtu wa vyuma chakavu alikuwa tayari kuvichukua. Lakini nimeona mara nyingi mambo yanavyokwenda: televisheni inapasuliwa itolewe shaba, nyaya zinachomwa kando ya mtaro, moshi mweusi unaingia madirishani, kioo kinaachwa. Kioo cha televisheni za aina ile kina madini ya risasi ndani yake, na watoto huchezea hapohapo. Hapa Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea taka za umeme na kuzifungua kwa utaratibu. Wapigie kabla hujaenda, uwaeleze una nini. Simu, zitoe laini na kadi ya kumbukumbu kwanza. Friji ya shemeji ilikwenda kwa fundi wa friji, aliyetaka mota na rafu zake.

Ya shemeji yalihitaji simu ya video kwenda Doha. Baba Mwende alimwonyesha masanduku, akampa tarehe, akamwomba aseme moja: ayatumie mtu ayachukue au aturuhusu tuyafungue. Akasema fungueni, hata hakumbuki kuna nini. Kulikuwa na daftari za chuo, suti moja na mashuka. Miaka yote tuliyapita kwa upande kama mali ya thamani. Ukiwa na vitu vya watu, mpe mwenyewe tarehe, na aseme neno lake kwa sauti au kwa maandishi ili kesho pasiwe na lawama.

Kuuza kulitupa pesa, lakini kulikula muda. Watu wanauliza bei ya mwisho, unaitaja, wanasema wanakuja, hawaji. Piga picha zenye kuonyesha ufa na doa, kwa sababu atakayekuja akakuta doa usilolionyesha atashusha bei akiwa mlangoni. Mnunuzi akikuonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, usiutegemee. Angalia salio lako mwenyewe ndipo kitu kitoke, kwa kuwa jumbe za uongo zimewaliza wengi. Na uwe na siku ya mwisho ambayo kisipouzika kinatolewa bure. Sisi tulipata kama shilingi 23,000 kwa jumla, tukatumia karibu 6,000 kwa mikokoteni na vibarua. Sinki ambazo Baba Mwende alizinunua kwa 9,000 zilitoka kwa 3,500. Iliuma. Mtu hukaa na kitu miaka kumi akikataa kuikubali hasara ambayo ilishaingia siku alipokinunua. Sinki zile zilipotoka alishinda kimya mpaka jioni, na sikumlaumu, kwa sababu alichokiuza pale ni nyumba aliyoiona akilini.

Taka halisi ilibaki mifuko michache. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na hata bila sheria, vijana wa kuzoa taka watakushukuru ukiwatengea chupa na plastiki safi, maana hizo wanaziuza. Zinazobaki zinaishia Dandora, dampo lililofunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori hayajaacha kwenda. Nilipofikiria hilo, nilizidi kuwa mgumu wa kutupa na mgumu zaidi wa kununua.

Kitu kimoja Baba Mwende hakutaka hata kijadiliwe. Ilikuwa redio ya marehemu baba yake, ya betri kubwa, iliyokufa zamani. Aliiweka kwenye rafu ya stoo iliyobaki, kando ya kitanda tulichomtandikia mama yake, akiamini atafarijika kuiona. Mwaitu alipofika, akiwa bado anajifunza mikongojo, aliitazama kwa muda.

"Hii mmeiweka ya nini?"

"Ni ya Baba, Mwaitu."

"Baba yako aliinunua na haikumfurahisha siku moja. Alichokipenda ni jembe lake, lile la mpini wa mkwaju. Liko nyumbani, nalilimia mpaka mwaka huu."

Baba Mwende alicheka, kisha akatoka nje kidogo. Redio ilikwenda pamoja na vitu vya umeme. Simaanishi kwamba kila kumbukumbu itolewe. Nasema tuulizane. Mara nyingi tunalinda kitu kwa heshima ya mtu, na walio hai waliomjua wangetuambia kitu kingine kabisa ndicho kilichokuwa cha moyoni mwake.

Mwaitu ndiye pia aliyeokoa sweta za shule, ambazo yule mama wa Mutindwa alikuwa amezikataa. Alizifumua akiwa ameketi kitandani, mguu umenyooka juu ya mto. Anatafuta mwanzo wa uzi kwenye mshono wa bega, anaukata kwa meno, kisha anavuta taratibu huku Mwende akizungusha mpira. Uzi wenye rangi ya bluu ya shule aliuchanganya na katani akasuka kiondo. Huko kwao akina mama wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Mwende, ambaye kwa kawaida hukaa na simu, alikuwa akikimbia nyumbani kumsaidia Susu, yaani nyanya yake.

Kulikuwa na mfuko mmoja ambao sikuufungua mpaka mwisho. Ulikuwa na nguo za kichanga, nilizozinunua kwa ajili ya mimba niliyoipoteza mwaka 2019. Kila nilipoufikia niliusogeza pembeni nikaendelea na kingine. Sasa naona nilifanya sawa. Usianze na kilicho kizito, na asikuharakishe mtu. Baada ya mengine yote kutoka, Mwaitu aliniona nimeukalia, akaniuliza, nikamwambia. Hakunipa ushauri. Alizikunja pamoja nami, moja moja, tukazifua upya. Nyingi zilikwenda kwa jirani wa ghorofa ya tatu aliyekuwa amejifungua kabla ya wakati wake bila maandalizi, naye alizipokea akijua zimetoka wapi kwa sababu nilimweleza. Shali moja nimebaki nayo, na sina mpango wa kuitoa.

Sasa kuhusu vile tulivyovibakiza, maana hapa ndipo picha za vyumba vyeupe vitupu zinapotudanganya. Mitungi ya maji ya lita 20 haikuguswa. Maji ya mgao huja siku zake, na nyumba isiyo na mitungi Nairobi ni nyumba itakayonunua maji ya mkokoteni kwa bei ya dharura. Tulichofanya ni kuitoa koridoni na kuipanga chini ya sinki na kwenye varanda, ili Mwaitu asijikwae. Jiko la makaa limebaki kwa siku gesi inapoisha usiku. Taa ya kuchaji imebaki, stima inajulikana. Godoro moja la akiba na blanketi zake zimebaki, kwa sababu ndugu atakuja na hatalala kwenye kiti. Kitu kinachokaa siku ishirini na kutumika siku tatu bila kukosa kina kazi, hata kama hakipendezi macho.

Vyombo vya wageni, vile vya kabati la kioo, tulianza kuvitumia sisi wenyewe kila siku, na vya kila siku vilivyokatika masikio ndivyo vilivyotoka. Watoto walidhani kuna sherehe. Vimevunjika viwili tangu wakati huo na hakuna aliyelia.

Kuzuia visirudi ni kazi yenyewe. Mnada siendi tena bila kipimo na jina la kitu ninachokitafuta. Kitu kikiharibika kinapewa mwezi mmoja, fundi asipoitwa kinatoka. Ndugu zetu tumewaomba, kwa heshima, kwamba kwenye sherehe zetu watuletee vya kuliwa au wawachangie watoto karo. Wengine walielewa haraka. Shangazi mmoja wa Baba Mwende alikasirika, akaleta seti ya vikombe, tukavipokea kwa mikono miwili. Kuna vitu vinavyoingia kwa sababu ya mtu, na mtu ni mkubwa kuliko rafu.

Kilichotusaidia zaidi ya yote ni chama chetu cha akina mama wa jengo. Kila mmoja alikuwa na sufuria kubwa za matanga na harusi, mathemosi, sahani za mamia na viti vya plastiki, vyote vikilala uvunguni mwa vitanda. Tulikubaliana kuwa na seti moja ya wote. Tulichagua zilizo nzima miongoni mwa zetu, tukauza za ziada, tukanunua kilichopungua. Kama chama chenu kinafikiria hilo, andikeni orodha yenye saini, muweke faini ya chombo kinachorudi kichafu au kisichorudi, na wasio wanachama walipe kidogo cha kukodisha. Zaidi ya yote amueni mapema vitakaa wapi, kwa sababu vikikaa nyumbani kwa mwanachama mmoja mtakuwa mmemjengea stoo yeye. Vyetu vinakaa kwenye kijumba cha msimamizi wa jengo, tunamlipa shilingi 500 kwa mwezi, na ufunguo uko kwa mweka hazina.